Mtoto, mtu mzima, mzee: kutumia LMA na i-gel kulingana na umri wa mgonjwa

Kila kundi jipya la wanafunzi linapoingia thieta, maswali ni yale yale. Mbona LMA (maski ya kooni yenye puto, inayokaa juu ya zoloto na kupitisha hewa) ya mtoto inateleza? Mbona kwa bibi asiye na meno inavuja? Nifuate kilo au nifuate miaka? Nimeyajibu kwenye korido, kwenye chai ya saa nne na kwa simu usiku wa manane. Sasa nayaandika.

Jibu fupi ni hili: kilo zinakupa namba ya kifaa cha kuanzia. Mengine yote unaulizia umri: kiasi cha dawa, namna ya kulaza kichwa, muda ulionao kabla oksijeni haijashuka, na kama kifaa kitatulia kilipo au kitahama katikati ya upasuaji.

Ninayoandika hapa ni ya aliyeko kwenye mafunzo ya usingizi na ana msimamizi chumbani. Kama huna msimamizi, usianze.

Umri unabadilisha nini

Sitakuchosha na anatomia. Mtoto mchanga ana ulimi mkubwa kuliko nafasi aliyonayo, kisogo kikubwa, zoloto (kisanduku cha sauti) lililokaa juu zaidi shingoni, na kidakatonge (kifuniko cha zoloto) kirefu kilicholegea ambacho hukunjwa kirahisi na ncha ya kifaa. Anatumia oksijeni takriban mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo, na akiba yake mapafuni ni ndogo. Isitoshe, Dkt. Archie Brain, aliyeibuni LMA jijini London mwaka 1981, alianza na watu wazima. Saizi za watoto zilikuja baadaye, na kimsingi ni zile zile zilizopunguzwa ukubwa. Koo la mtoto, hata hivyo, si koo la mtu mzima lililopunguzwa. Matatizo mengi ya namba 1 na 1.5 yanaanzia hapo.

Mzee naye ana mashavu yaliyobonyea, nyama za koo zilizolegea, utando mwembamba unaochubuka upesi, na shingo ngumu. Kinga yake ya kukohoa imepungua, kwa hiyo matapishi yakipanda hatakupa taarifa. Damu yake inazunguka taratibu, na dawa huchelewa kufika.

Andaa kabla hujamgusa mgonjwa

- Kifaa cha namba uliyochagua, kimoja cha namba ya juu yake na kimoja cha chini. Vitatu mezani, visiwe kabatini.
- Jeli ya maji na bomba la sindano la kujazia puto.
- Maski za uso za saizi mbili, kidude cha kuinulia ulimi na ambubagi inayomfaa mgonjwa. Kwa mtoto mdogo tayarisha T-pisi, mfumo mwepesi wa kumpumulisha kwa mkono.
- Laringoskopu (kifaa chenye taa cha kuonea zoloto) iliyowashwa ukaiona inawaka, pamoja na tyubu ya kuingia kwenye njia ya hewa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na zaidi, tyubu yenye puto ni umri ÷ 4 + 3.5, isiyo na puto ni umri ÷ 4 + 4.
- Saksheni inayovuta. Ijaribu kwa kidole.
- Oksimita na kapnografu (kipimo cha kabonidioksidi kwenye pumzi). Kama kapnografu haipo, stetoskopu ikae shingoni mwako muda wote.
- Atropini (ya kuharakisha moyo na kukausha mate) na saksamethoniamu (ya kulegeza misuli), zimevutwa na kuandikwa majina, dozi ikiwa imeshapigiwa hesabu. Kwa mtoto hili halina mjadala.
- Kifaa cha kutumiwa tena kiwe na kadi yake. LMA ya silikoni ya kawaida imeidhinishwa kutumika mara 40. Jaza puto uone kama linavimba upande mmoja. Likivimba hivyo, litupe.

Hatua ya 1: Pima uzito, kisha mtazame mgonjwa

Mtoto apandishwe kwenye mizani. Ikishindikana, kwa miaka 1 hadi 10 tumia (umri + 4) × 2. Wa miaka 3 atakuwa na kilo 14 hivi. Fomula hii humwongezea kilo mtoto mwenye utapiamlo, kwa hiyo usiiamini kuliko macho yako.

LMA ya kawaida, pamoja na kiwango cha juu kabisa cha hewa ya puto:

- chini ya kilo 5: namba 1, ml 4
- kilo 5–10: namba 1.5, ml 7
- kilo 10–20: namba 2, ml 10
- kilo 20–30: namba 2.5, ml 14
- kilo 30–50: namba 3, ml 20
- kilo 50–70: namba 4, ml 30
- kilo 70–100: namba 5, ml 40

i-gel, kifaa cha kazi ile ile chenye ukingo laini kama jeli, haina puto la kujaza: namba 1 kwa kilo 2–5, 1.5 kwa 5–12, 2 kwa 10–25, 2.5 kwa 25–35. 3 kwa 30–60. 4 kwa 50–90. 5 kwa zaidi ya 90. Namba 1 haina njia ya kupitisha mpira wa tumbo, jambo ambalo wengi hulikumbuka tumbo likiwa limeshajaa hewa.

Mtoto yuko mpakani mwa namba mbili? Laza kiganja chake kikitazama juu, unganisha kidole cha shahada, cha kati na cha pete, kisha linganisha upana wao na sehemu pana ya LMA. Inayolingana ndiyo ya kuanza nayo.

Kwa mzee, mizani inadanganya. Nikiwa bado mwanafunzi nililetewa bibi wa miaka themanini hivi, kilo 43, wa kusafishwa kidonda cha mguu. Orodha ilisema namba 3, nikaweka namba 3. Ikavuja. Nikaongeza hewa, ikavuja zaidi. Nikaongeza tena, sauti ikawa kama tairi la baiskeli. Muuguzi wa usingizi aliyekuwa nami, mama mtu mzima, alinitazama akasema, "Mwanangu, bibi amekonda nyama, taya lake halijakonda. Weka namba 4, hewa kidogo." Ikakaa mara moja. Kwa mtu mzima wa umri wowote, ukubwa wa mifupa ya uso unasema zaidi ya kilo. Kwa kawaida naanza na namba 4 kwa mwanamke na 4 au 5 kwa mwanaume.

Hatua ya 2: Chunguza mdomo na shingo

Mtoto wa miaka 6 hadi 8 ana meno yanayong'oka. Yatikise kwa kidole na uandike lililolegea. Muulize mama kama mtoto anakoroma usiku, maana tonsili kubwa huzuia kifaa njiani. Muulize pia kuhusu mafua. Aliyekuwa na mafua ndani ya wiki mbili zilizopita yuko karibu zaidi na zoloto kujifunga, na upasuaji usio wa haraka unaweza kusubiri.

Kwa mzee, anza na salamu. "Shikamoo bibi." Akishaitikia, mwombe afungue mdomo. Ukimuuliza mbele za watu kama ana meno ya bandia, wengi watakataa. Sogea, uliza kwa sauti ya chini. Kisha mwombe ainue kidevu na ashushe, uone shingo inaishia wapi. Hapo inapoishia ndipo na wewe utaishia akiwa amelala.

Usidharau meno. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliopitia watu wazima 15,795 waliowekewa LMA, ulikuta kifaa kilishindwa kwa takriban mmoja kati ya mia. Meno mabovu yalikuwa mojawapo ya mambo manne yaliyoambatana na kushindwa huko. Mengine yalikuwa unene, kuwa mwanaume, na kuzungushwa kwa meza ya upasuaji.

Hatua ya 3: Jiulize kama anafaa kifaa hiki kabisa

Tumbo likiwa limejaa, hapana. Kufunga ni saa 6 kwa chakula na maziwa ya kopo, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji. Mama akikuambia mtoto "hajala kitu", muulize tena: amenyonya saa ngapi? Kwa wengi kunyonya si kula, na hawakudanganyi.

Mzee mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na chakula tumboni hata baada ya saa 6. Na bibi aliyepikia kuni maisha yake yote huenda ana mapafu yanayohitaji shinikizo kubwa kuliko LMA inavyoweza kuzuia. Hawa nawapa tyubu, au sindano ya mgongo kama upasuaji unaruhusu. Kichanga wa wiki chache vilevile: kama hakuna sababu maalumu, tyubu ni salama zaidi mikononi mwa anayejifunza.

Hatua ya 4: Laza kichwa

Kichanga: kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, bila mto, maana kisogo chenyewe ni mto. Mtoto mkubwa: kichwa sawa. Mtu mzima: mto mmoja chini ya kichwa. Mzee mwenye kibiongo: mito mingi kadiri inavyohitajika kichwa kisining'inie. Usimlazimishe shingo. LMA inaingia hata shingo ikiwa imenyooka tu.

Hatua ya 5: Oksijeni kwanza

Dakika 3 za maski iliyobana. Hata ukimjaza vizuri, mtoto wa kilo 10 hana hata nusu ya muda alionao mtu mzima mwenye afya kabla oksijeni haijaporomoka. Ndiyo maana kwa mtoto unajaribu kuingiza kifaa mara moja, unarudi kwenye maski, ndipo unajaribu tena.

Mzee asiye na meno anavujisha maski kwa sababu mashavu yamezama. Meno ya bandia yaliyobana sawasawa yaache wakati wa maski, uyatoe dakika ya kuingiza kifaa. Kama hana, sogeza ukingo wa chini wa maski ukae ndani ya mdomo wa chini, juu ya ufizi. Wengine hujaza gozi mashavuni. Ukifanya hivyo acha mkia wa gozi nje na uihesabu wakati wa kuitoa.

Hatua ya 6: Dawa

Propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, kwa mgonjwa asiye na maradhi mengine: mtoto mg 3–4 kwa kilo, mtu mzima mg 2–2.5, mzee mg 1–1.5 kidogo kidogo. Gesi za usingizi nazo hupungua: baada ya miaka 40, hitaji hushuka kwa karibu asilimia 6 kila miaka kumi.

Kosa ninaloliona kila mwezi ni la mzee. Mwanafunzi anampa dozi, anahesabu sekunde ishirini, mzee bado anatazama. Anaongeza. Anaongeza tena. Baada ya dakika moja dozi zote tatu zinafika pamoja, na presha inasomeka 60. Ukishampa mzee dawa, subiri sekunde 60 hadi 90 nzima. Tazama saa ya ukutani kama mikono inakuwasha.

Kwa mtoto kosa ni kinyume chake: kuingiza kifaa mapema, usingizi haujakolea. Sukuma taya mbele kwa nguvu. Akijikunyata au kushika pumzi, bado.

Kwenye vituo vyenye ketamini lakini havina propofoli, jua kwamba ketamini peke yake hailegezi koo. Mate yatajaa, atameza, atakohoa. Mpe atropini na uongeze gesi ya usingizi, halotheni au isoflureni, kupitia maski kabla hujaingiza chochote.

Hatua ya 7: Ingiza

Paka jeli nyuma ya kifaa tu, si mbele ya tundu. Msaidizi asukume taya mbele, hasa kwa mtoto na kwa mzee, kwani hilo huinua ulimi na kidakatonge. Bonyeza ncha kwenye kaakaa, fuata mviringo wa koo hadi kikwame chenyewe.

LMA ya mtoto ikigoma nyuma ya ulimi, usisukume. Jaza puto nusu, iingize tundu likitazama kaakaa, kisha izungushe nyuzi 180 inaposhuka. Njia hii imeniokoa mara nyingi na sasa kwa walio chini ya miaka 5 naanza nayo. Kwa mzee usizungushe kwa nguvu. Utando wake ni kama karatasi iliyolowa, na damu kidogo kwenye ncha ndiyo dalili ya kwanza.

Hatua ya 8: Puto

Zile ml zilizoandikwa ni dari, si lengo. Anza na nusu. Kama una kipima shinikizo, usivuke 60 kwa mtu mzima. Kwa mtoto, na mimi kwa mzee pia, baki chini ya 40 (sentimita za maji). Kama huna, kipuli cha nje kiwe laini ukikibonya, kisiwe kama mpira wa ping-pong. Puto lililojaa mno linakuwa gumu, linatoka kwenye nafasi yake na kuvuja zaidi, na linaweza kuumiza neva za ulimi. Ukitumia naitrasi oksaidi, itaingia ndani ya puto na kulijaza taratibu. Punguza hewa kila nusu saa.

Hatua ya 9: Hakikisha

Kifua kipande pande zote mbili, mstari wa kabonidioksidi uwe na umbo la mraba, tumbo lisivimbe. Kisha fanya kipimo cha kuvuja: hewa lita 3 kwa dakika, funga vali, sikiliza mdomoni ni shinikizo gani linaanza kutoa sauti. LMA ya kawaida kwa mtu mzima huvuja karibu na sentimita 20 za maji, i-gel karibu na 25. Usipandishe kupita 30 kwa mtoto, 40 kwa mtu mzima. Ikianza kuvuja chini ya 10, usimruhusu daktari wa upasuaji aanze.

Ukimpumulisha kwa mashine, mtoto abaki chini ya 15, mtu mzima chini ya 20. Hewa inayozidi hapo inakwenda tumboni, na tumbo la kichanga likivimba mapafu hayana pa kutanukia.

Hatua ya 10: Funga, na usiondoe macho

i-gel ndogo ina tabia ya kujisukuma nje. Ishike mpaka plasta ibane kwenye mfupa wa taya la juu, pande zote mbili. Kila kichwa kinapogeuzwa au shuka linapovutwa, rudia hatua ya 9. Kifaa kinaweza kukaa vizuri dakika 20 halafu kikahama bila mtu kukigusa.

Kichanga anayepumua mwenyewe kupitia LMA huchoka. Kabonidioksidi ikianza kupanda, msaidie kwa mkono.

Hatua ya 11: Kutoa

Mtoto unaweza kumtoa kifaa akiwa usingizini kabisa, amelala ubavu, au akiwa macho kabisa. Njia zote mbili zina wafuasi wake. Asichokubali mtu ni katikati, pale mtoto anapotikisa mguu lakini hajafungua macho. Usivute saksheni kooni wakati huo, na wenzako waache kumpapasa na kumwita jina.

Mzee asubiri hadi atii: "Babu, fungua mdomo." Akifungua, toa. Akishaamka sawasawa na kumeza vizuri, mrudishie meno yake. Ataongea, na utajua kama anaelewa alipo.

Mambo yakiharibika

*Inavuja kwa mtoto.* Punguza hewa ya puto kwanza, kisha sukuma taya. Bado? Huenda kidakatonge kimekunjwa: toa, mpe oksijeni kwa maski, ingiza upya kwa kuzungusha.

*Inavuja kwa mzee.* Karibu kila mara kifaa ni kidogo. Panda namba moja. Kama ni i-gel na uvujaji ni mdogo, subiri dakika chache, mara nyingi hupungua yenyewe.

*Mtoto anavuta lakini hakuna hewa, kifua kinabonyea, sauti nyembamba ya filimbi au kimya.* Zoloto limejifunga. Mwambie daktari wa upasuaji aache. Oksijeni asilimia 100, taya mbele, shinikizo la mfululizo kwa mfuko. Ongeza propofoli mg 0.5–1 kwa kilo. Ikishindikana, saksamethoniamu mg 1–2 kwa kilo kwenye mshipa pamoja na atropini mg 0.02 kwa kilo. Bila mshipa, mg 4 kwa kilo kwenye msuli. Usisubiri moyo uanze kupiga polepole.

*Presha ya mzee imeshuka baada ya kuingiza.* Punguza gesi, inua miguu, mpe maji kidogo ya mshipani na efedrini au dawa nyingine ya kupandisha presha uliyonayo. Kifaa chenyewe kiache, hakijakosa kitu.

*Majimaji yanapanda kwenye mrija.* Kichwa chini, ubavu, saksheni, oksijeni. Usikimbilie kung'oa kifaa kabla hujavuta. Jiandae kuweka tyubu.

*Umejaribu mara mbili imekataa.* Ya tatu ifanywe na msimamizi, kwa namba nyingine au kwa kifaa cha aina nyingine. Baada ya hapo ni tyubu, au kumwamsha mgonjwa.

Ukimaliza, andika kwenye fomu ya usingizi: namba iliyokaa, ml za hewa, shinikizo lililoanza kuvuja, na majaribio mangapi. LMA ya kutumiwa tena ioshwe papo hapo kabla mate hayajakauka, hewa yote itolewe kwenye puto kabla ya otoklevu, na kadi yake iwekwe alama moja zaidi.